Mwindo na Wasafiri wa Angani: Kuhusu Kuchukia Hadithi Iliyoundwa Upya

Mtu anaposema kuwa hakupendezwa na tamthilia fulani ya televisheni, kauli yake huchukuliwa kuwa ni suala la ladha, na ladha, kama inavyosemwa mara kwa mara, haina mjadala. Msimamo huo ni wa haraka mno. Chuki ya hadhira dhidi ya hadithi iliyoundwa upya huwa na sababu, na sababu hizo zinaweza kupimwa: baadhi ni nyepesi, baadhi ni nzito. Makala haya yanakusudia kuzipima kwa kuweka pamoja kazi mbili ambazo kwa kawaida hazitajwi katika mjadala mmoja. Ya kwanza ni tamthilia ya kisayansi ya Marekani, Battlestar Galactica, ambayo iliundwa upya mwanzoni mwa karne hii na kupata sifa nyingi. Ya pili ni utendi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa msitu wa Walikale, magharibi ya Masisi, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Kazi zote mbili zinasimulia safari za kwenda pasipofikika. Zote mbili zimerudiwa. Na inatokea kwamba ile ya Marekani, katika sehemu yake ya mwisho, inatua katika ardhi ya Afrika ya Mashariki, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapolazimika kuwa na neno la kusema.

Meli ya angani iliyofufuliwa

Battlestar Galactica ya kwanza ilionyeshwa na kituo cha ABC mwaka 1978, ikiwa ni kazi ya Glen A. Larson. Kisa chake ni chepesi kukumbukwa. Makoloni kumi na mawili ya binadamu yanaangamizwa kwa usiku mmoja na mashine zenye akili ziitwazo Cylon. Waliosalia wanakimbia katika msafara wa meli za angani, wakiongozwa na manowari moja kongwe, na wanatangatanga wakiitafuta sayari ya hadithi inayoitwa Dunia. Tamthilia hiyo ilidumu kwa msimu mmoja tu. Mwendelezo wake wa mwaka 1980 uliwafikisha wasafiri hao Marekani ya wakati ule, jambo ambalo hata wapenzi wa tamthilia ya kwanza hawapendi sana kukumbushwa.

Mwezi Desemba 2003 Ronald D. Moore na David Eick waliirejesha hadithi hiyo, na kuanzia mwaka 2004 hadi 2009 ikawa tamthilia ndefu. Mabadiliko yalikuwa makubwa. Cylon, ambao zamani walikuwa viumbe wa chuma walioundwa na jamii nyingine, sasa wameundwa na binadamu wenyewe, na baadhi yao wana sura, damu na machozi ya binadamu. Rubani Starbuck, mwanamume mcheza kamari katika toleo la kwanza, akafanywa mwanamke. Vichekesho vilipungua, na kivuli cha mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 kikatanda juu ya kila mazungumzo kuhusu vita, mateso ya wafungwa na uchaguzi. Wahakiki walisifu. Tuzo ya Peabody ilitolewa.

Hata hivyo, wapo waliochukia, na mmoja wao alikuwa na haki ya pekee ya kusikilizwa. Dirk Benedict, aliyemwigiza Starbuck wa 1978, aliandika mwaka 2004 akilalamika kwamba mhusika wake amegeuzwa jinsia na kwamba matumaini ya hadithi ya zamani yamebadilishwa kuwa ukiwa. Mwenzake, Richard Hatch, aliyekuwa Apollo wa zamani, alikuwa amefanya kampeni ya miaka mingi ili hadithi ya kwanza iendelezwe mahali ilipoishia. Yeye mwishowe alikubali kuigiza katika toleo jipya, lakini kama mhusika mwingine kabisa, mfungwa wa kisiasa Tom Zarek. Waigizaji wawili wa kazi moja, wakaitikia tofauti kabisa.

Lalamiko la jinsia ndilo lililovuma zaidi, na ndilo dhaifu zaidi. Uanaume wa rubani haukuwa nguzo ya hadithi. Ukiuondoa, msafara bado unakimbia na Dunia bado inatafutwa. Lalamiko la ukiwa lina uzito kiasi, kwa kuwa hadithi ya matumaini ikinyang'anywa matumaini inabaki na jina tu. Lakini hata hapo mtetezi wa toleo jipya anaweza kujibu kwamba maangamizi ya mataifa kumi na mawili hayakustahili kuchekelewa hata mwaka 1978. Lalamiko lililo zito kuliko yote halikutolewa na Benedict, kwa sababu alipoandika, mwisho wa tamthilia ulikuwa bado haujaonyeshwa.

Mwisho huo ulirushwa mwezi Machi 2009. Wasafiri wanafika katika sayari ya kijani yenye mbuga na wanyama. Wamejificha majanini na darubini zao, wanawatazama watu wenye mikuki wakipita. Wanasemezana kwamba watu wale wanaweza kuzaa nao. Kwamba hawana lugha. Kwamba lugha wanaweza kupewa. Kisha wasafiri wanaamua kuziacha meli zao na elimu yao ya mashine, wanatawanyika katika mabara. Hadithi inaruka miaka 150,000 hadi jiji la New York la leo, ambako habari inatangazwa kuwa mabaki ya mama wa binadamu wote yamepatikana Tanzania. Mtazamaji anaelewa kuwa mama huyo ni mtoto wa mseto, nusu binadamu na nusu Cylon, aliyekuja na meli.

Mbuga yenyewe ilipigwa picha Kanada, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Afrika ya Mashariki imetajwa kwa jina katika kazi iliyotazamwa ulimwenguni, na nafasi iliyopewa ni ya kuwa bubu. Watu wake wanaonekana kwa mbali na hawasemi. Lugha, yaani kitu ambacho taarifa ya chuo kama hii huishi kwacho, inawajia kutoka juu. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya eneo hili, kuchukia mwisho huo hakuna uhusiano wowote na kutamani ya kale. Ni kuona kwamba mtungaji alipohitaji mahali patupu pa kupumzishia hadithi yake, alipachagua hapa. (Ikumbukwe, kwa haki, kuwa bunilizi za kisayansi za Marekani zimewahi kutenda vizuri zaidi. Star Trek ya 1966 ilimpa afisa wa mawasiliano jina la Uhura, lililotokana na neno uhuru, na kumfanya msemaji wa Kiswahili; na ilipoundwa upya kama filamu mwaka 2009, jina lake la kwanza, Nyota, hatimaye lilitamkwa mbele ya watazamaji. Si kila uundaji upya hupunguza.)

Usimulizi wa Bese

Swali linalofuata ni hili: je, hadhira ya fasihi simulizi, ambayo haina toleo la kwanza lililofungiwa kabatini, inaweza kuchukia hadithi iliyoundwa upya? Mfano wa Mwindo unatoa jibu lenye mafunzo.

Mwaka 1956, wakati nchi ikiwa bado Kongo ya Wabelgiji, mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alimsikiliza fanani Shé-Kárisi Candi Rureke katika kijiji cha Bese, unyangani, akisimulia utendi huo kwa muda wa siku kumi na mbili. Rureke hakusimulia akiwa ameketi. Aliimba, alicheza, aliigiza. Alikuwa na kayamba la kibuyu mkononi na njuga miguuni, huku vijana wakipiga vijiti na watu waliokusanyika wakiitikia nyimbo. Walimpa zawadi, walimsifu, wakala na kunywa. Matini hayo, katika Kinyanga na Kiingereza, yalitolewa na Biebuyck pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwaka uliofuata Ruth Finnegan, katika kitabu chake mashuhuri juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kuwepo kwa utendi kusini ya Sahara. Mjadala ukawaka, na Isidore Okpewho alipomjibu mwaka 1979, Mwindo alikuwa miongoni mwa mashahidi wake wakubwa.

Kuna jambo moja katika taarifa za Biebuyck ambalo husahauliwa. Rureke mwenyewe alikuwa hajawahi kusimulia kisa kizima kwa mfululizo namna ile. Mazoea yalikuwa kusimulia sehemu kwa sehemu, kwa jioni tofauti. Kwa hiyo matini ambayo vyuo vikuu vinayaita ya asili, na ambayo matoleo mengine hulinganishwa nayo, yenyewe ni uundaji upya uliotokana na ombi la mgeni. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha kitabu cha pili chenye simulizi za mafanani wengine, na humo Mwindo anatofautiana na Mwindo wa Rureke katika mambo mengi. Hakuna aliyemshtaki fanani yeyote kwa kuharibu. Mnyanga hawezi kuchukia badiliko kwa kuwa ni badiliko.

Kisa chenyewe kinafahamika kwa wachache miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, kwa hiyo inafaa kukieleza kwa kirefu kidogo. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, anatoa amri kuwa wake zake saba wazae mabinti tu. Mtoto wa kiume atauawa. Sita wanatii. Wa saba, Nyamwindo, anachelewa kujifungua, na mtoto anatoka kwa njia isiyo ya kawaida, kupitia kidole cha kati cha mkono wa mamaye. Ni mvulana, anasema na kutembea tangu kuzaliwa, na mkononi ana mgwisho wa mkia wa nyati, ule uitwao conga. Baba anamrushia mikuki, anamzika, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma inasafiri majini hadi kwa Iyangura, shangazi yake, aliyeolewa na nyoka wa maji Mukiti. Mwindo anatoka ngomani, anakwenda kwa wajomba zake, ambao ni popo na wafua chuma, na hao wanamfua upya mwili kwa chuma ili asidhurike vitani. Radi, Nkuba, inaishukia Tubondo kwa mapigo saba. Shemwindo anatoroka kupitia shina la mmea na kuingia kuzimu.

Hapa ndipo utendi unapokaribia zaidi kile ambacho leo huitwa bunilizi ya kisayansi. Mwindo anamfuata baba yake chini ya ardhi akiwa na kamba. Ncha moja anaishika yeye, ncha ya pili anamwachia Iyangura mlangoni, na anamwambia: kamba ikitulia, ujue nimekufa. Kuzimu anakutana na Kahindo, binti wa Muisa, mwenye vidonda vya buba, na anamwosha. Muisa anampa kazi zisizowezekana: kuanzisha shamba la migomba na kulivuna kwa siku moja, kurina asali. Mkanda wa simbi wa Muisa unampiga Mwindo hadi anaanguka kifudifudi. Juu ya ardhi kamba inatulia, na Iyangura analia. Mgwisho unajipunga wenyewe juu ya kichwa chake, naye anazinduka, kamba inatikisika tena. Mwishowe anacheza mchezo wa mbegu dhidi ya Sheburungu, anapoteza karibu kila alichonacho, kisha anarudisha vyote na kumshinda pia baba yake kama dau. Hamuui. Wanarudi Tubondo, wafu wanafufuliwa, na Shemwindo anakiri kosa lake hadharani mbele ya watu.

Mtungaji wa kisasa angesimama hapo. Wengi wamesimama hapo. Matoleo mafupi ya watoto mara nyingi huishia kwenye upatanisho wa baba na mwana. Toleo la Aaron Shepard la mwaka 2008, lililochapishwa Marekani, linakiita kisa hiki, katika kichwa chake kidogo, hadithi ya shujaa wa aina ya wale wa katuni za Kimarekani wenye nguvu za kupita binadamu. Jina hilo si la ubaya, na mtoto aliyemjua Mwindo kwa njia hiyo ni afadhali kuliko asiyemjua kabisa. Lakini Rureke hakuishia hapo.

Baada ya ushindi, Mwindo anatamani nyama ya nguruwe mwitu. Watwa wake wanakwenda porini na mmoja tu anarudi; wenzake wamemezwa na Kirimu mwenye vichwa saba. Mwindo anamwua Kirimu, na kutoka kwenye mwili wake wanatoka watu waliokuwa wamemezwa. Ni ushindi mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, na wasikilizaji wanafurahi. Kumbe Kirimu alikuwa amechanjiana damu na Nkuba. Radi, rafiki aliyemsaidia Mwindo kuiangamiza Tubondo, anainusa harufu ya ndugu yake wa damu na kushuka. Anamchukua Mwindo juu angani. Huko hakuna vita. Kuna baridi. Mbura, yaani mvua, anampiga. Mweri, yaani mwezi, anamkemea. Iruba, yaani jua, anamchoma. Mgwisho haufanyi kitu. Majigambo yake yanakatazwa. Anakaa mwaka mzima, anapigwa marufuku kuua wanyama fulani, kisha anarudishwa kwa watu wake akiwa amenyamaza. Anapofungua kinywa anatoa sheria: watu walime, wajenge vizuri, wasimdhihaki mgonjwa, wamche mtemi, na mtemi naye awache watu wake.

Bila sehemu hiyo, Mwindo ni kijana mwenye nguvu aliyemshinda mzazi dhalimu. Pamoja na sehemu hiyo, ni mtawala aliyejifunza kuwa kila kiumbe anachokiua kina ndugu mahali fulani. Tofauti ni kubwa. Hapa ndipo chuki ya hadhira inapopata haki: fanani anaweza kuongeza nyimbo, kubadili majina, kumfanya shujaa mwanamume au mwanamke, kufupisha kuzimu au kurefusha, lakini akiiondoa adhabu ya angani, amesimulia kitu kingine kwa jina lile lile. Ni muhimu pia kwamba, katika safari ya kuzimu, uhai wa shujaa umeshikwa na mwanamke asiyekwenda popote. Benedict angeusikiliza utendi huu angeona kuwa nafasi ya Iyangura haihitaji utetezi wa karne hii.

Kulinganisha anga mbili ndiko kunakoonyesha upungufu wa mwisho wa Galactica. Wasafiri wa Moore wanashuka kutoka angani wakiwa na lugha ya kuwapa watu wa mbugani. Mwindo anapanda angani akiwa na maneno mengi, na anga inamnyang'anya. Wa kwanza wanaachana na mashine zao kwa hiari, katika mkutano mfupi, bila mtu wa kuwauliza juu ya waliowaua njiani. Wa pili anaulizwa.

Nani anasimulia sasa

Hali za usimulizi wa Walikale hazikubaki kama zilivyokuwa mwaka 1956. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, na maelfu ya watu walikufa au kukimbia makwao. Tangu hapo vita vimefuatana. Mwaka 2024 kundi la M23 liliteka Rubaya, katika Masisi, ambako huchimbwa sehemu kubwa ya madini ya tantali yanayohitajika ulimwenguni. Januari 2025 liliteka mji wa Masisi na kisha Goma, na Machi mwaka huo likaingia mji wa Walikale, likaondoka mwanzoni mwa Aprili. Usimulizi wa jioni nyingi mfululizo unahitaji kijiji kinacholala mahali pamoja. Waliolala kambini karibu na Goma, Wanyanga na Wahunde na wengine, kabla ya kambi hizo kuvunjwa mwaka 2025, walikutana zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kinyanga au Kihunde. Si kinaya kidogo kwamba tantali hiyo hiyo imo ndani ya vyombo vya elektroniki ambavyo kwavyo tamthilia za angani hutazamwa.

Kwa hiyo Mwindo akiundwa upya kwa ajili ya vijana wa Kivu, huenda akaundwa kwa Kiswahili, na hapo uteuzi wa msamiati si jambo la mapambo. Mfano wa kwanza ni conga. Wafasiri wa Kiingereza waliongeza neno linalomaanisha fimbo ya enzi. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "fimbo ya ajabu", amemfanya Mwindo mchawi wa filamu. Neno mgwisho, au usinga, lipo tayari, na msomaji wa bara na wa pwani anaelewa mara moja kuwa anayekishika chombo hicho ni mzee au mtemi. Mtoto aliyezaliwa na mgwisho mkononi anadai enzi ya baba yake kabla hajasema neno. Amri ya Shemwindo na hofu yake vinaeleweka bila maelezo.

Mfano wa pili ni Kirimu. Katika Kiingereza amekuwa joka, na joka la Ulaya hutema moto na kulinda dhahabu, mambo ambayo Kirimu hayafanyi. Kiswahili kina zimwi, neno la shina moja na kirimu, na zimwi la ngano za Waswahili humeza watu na hupasuliwa wakatoka wazima. Hapa lugha zenyewe zimekwisha kufasiri. Ugumu unabaki katika jina la fanani. Kárisi ni jina la utendi na pia ni jina la pepo anayemtaka mtu ausimulie. Shé-Kárisi ni mwenye huyo Kárisi, baba yake. Neno "msimulizi" linaacha nje nusu ya maana, kwa kuwa Rureke aliamini kuwa ndani ya nyimbo zile anapata nguvu ile ile aliyoipata Mwindo, kinga dhidi ya maradhi na kifo. "Mwenye pepo" linaelekea mahali pengine kabisa, penye uganga. Pengine ni bora kuliacha jina kama lilivyo, Shekarisi, likiandikwa kwa herufi za Kiswahili na kupewa ngeli ya watu: Shekarisi anaimba, Mashekarisi wanaimba.